Distrofini na Kingamwili Zake: Jinsi Protini Adimu ya Msuli Inavyotambuliwa

Miongoni mwa maradhi ya kurithi, ni machache yanayoonyesha waziwazi, kama uonyeshavyo ugonjwa wa Duchenne, jinsi nguvu za mwili mzima zinavyoweza kutegemea kitu kimoja kidogo sana. Mtoto wa kiume mwenye ugonjwa huu huzaliwa akiwa na umbo lisilo na kasoro. Hujifunza kutembea, ingawa mara nyingi kwa kuchelewa. Afikapo umri wa miaka mitatu hadi mitano, wazazi huanza kuona kwamba anaanguka mara kwa mara, kwamba anapanda ngazi kwa shida, na kwamba ainukapo kutoka sakafuni hulazimika kushika magoti na mapaja kwa mikono, kana kwamba anaukwea mwili wake mwenyewe. Mashavu ya miguu yake hunenepa, na asiyejua hudhani kuwa hiyo ni dalili ya nguvu, kumbe sehemu ya msuli imekwisha geuka kuwa mafuta na nyuzi za kovu. Wengi wa watoto hao huacha kutembea kabla ya kutimiza miaka 13, na baadaye misuli ya kupumulia na ya moyo nayo hudhoofika.

Ugonjwa huu huitwa kwa jina la Duchenne, tabibu wa Ufaransa aliyeueleza kwa kirefu katika miaka ya 1860. Huwapata wavulana wa mataifa yote, kwa kadiri ya mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Kwa zaidi ya miaka 100 matabibu waliweza kueleza dalili zake na jinsi unavyopita katika ukoo, lakini hawakuweza kusema ni kitu gani hasa kinachokosekana katika msuli. Jibu lilipatikana mwaka 1987, na chombo kilicholithibitisha kilikuwa kingamwili, yaani protini ileile ambayo mwili huitumia kupambana na vijidudu vya maradhi. Makala haya yaeleza jinsi kingamwili hizo zinavyotengenezwa, jinsi zinavyotumiwa, na kwa nini hapana budi kuzisoma kwa uangalifu mkubwa.

Msuli na mhimili wake

Msuli wa mifupa umefanyizwa kwa nyuzi ndefu, na kila uzi ni seli moja iliyozungukwa na utando mwembamba. Ndani ya uzi zimo protini za aktini na miosini, ambazo huteleza moja juu ya nyingine na kuufanya msuli ujikunje. Kila mara msuli unapojikunja, utando wake huvutwa na kusukumwa. Kama utando huo ungeachwa peke yake, ungechanika upesi, kama nguo laini ivaliwayo katika kazi ya kubeba mizigo.

Kazi ya kuuimarisha utando hufanywa na kundi la protini, na iliyo kubwa kati ya hizo ni distrofini. Umbo lake ni kama kijiti kirefu. Ncha yake moja hushika nyuzi za aktini zilizo ndani ya seli. Ncha ya pili hushikana na protini nyingine zinazopenya utando mpaka nje. Hivyo distrofini ni kiungo baina ya mitambo ya ndani ya msuli na ganda lake la nje. Inapokosekana, utando hupata nyufa, madini ya kalsiamu huingia kwa wingi kupita kiasi, na vimeng'enya vya msuli huvuja na kuingia katika damu. Ndiyo maana damu ya mtoto mwenye ugonjwa wa Duchenne huwa na kimeng'enya cha kreatini kinesi mara kadhaa ya kumi kuliko kawaida. Nyuzi hufa, mwili hujaribu kuzifanya upya, lakini uharibifu hatimaye huushinda ukarabati.

Ajabu ni kwamba protini hii yenye kazi kubwa hivyo ni adimu mno. Katika kila sehemu 100,000 za protini za msuli, distrofini ni sehemu 2 tu. Hiyo ndiyo sababu moja iliyowafanya wataalamu wasiione kwa miaka mingi, ingawa walikuwa wakiichambua misuli ya wagonjwa kwa kila njia waliyoijua.

Kutoka kwenye jeni hadi kwenye protini

Kwa kawaida watafiti walikuwa wakiipata protini kwanza, ndipo wakatafuta jeni inayoitengeneza. Katika ugonjwa wa Duchenne njia iligeuzwa. Ilijulikana kwamba kasoro imo katika kromosomu X, kwa kuwa ugonjwa huwapata hasa wavulana, ambao wana kromosomu X moja tu, nao huupokea kutoka kwa mama ambaye mwenyewe haonyeshi dalili, au huonyesha chache. Mwaka 1986 kundi la Louis Kunkel, huko Boston, Marekani, lilitangaza kwamba limepata sehemu ya jeni hiyo, na mwaka uliofuata ujumbe wake wote ukapatikana.

Jeni hiyo ni miongoni mwa zile kubwa kabisa katika mwili wa binadamu. Ina herufi zipatazo milioni 2.2 za kemikali ya urithi, na seli huhitaji saa 16 hivi kuinakili mara moja. Lakini sehemu kubwa ya herufi hizo hukatwa na kutupwa. Zinazobaki kuwa ujumbe ni 14,000 tu, zilizogawanyika katika vipande 79 viitwavyo eksoni. Ujumbe huo huiamuru seli kuunganisha asidi amino 3,685 ziwe protini moja yenye uzito wa daltoni 427,000.

Hata hivyo, kuijua jeni si sawa na kuiona protini. Ili kuipata, Eric Hoffman, Robert Brown na Kunkel walitumia hila ya busara. Walichukua vipande vya ujumbe wa jeni hiyo kutoka kwa panya, wakavipandikiza katika bakteria, na bakteria hao wakatengeneza vipande vya protini ambayo hakuna mtu aliyekuwa amepata kuiona. Vipande hivyo vikadungwa katika miili ya sungura na kondoo. Miili ya wanyama hao ikaviona kuwa ni vitu vya kigeni, ikafanya kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo zilipotiwa juu ya protini za msuli wenye afya, zilishika protini moja kubwa, yenye uzito wa daltoni kiasi cha 400,000. Zilipotiwa juu ya msuli wa wavulana wenye ugonjwa wa Duchenne, na juu ya msuli wa aina ya panya wenye kasoro katika jeni hiyohiyo, hazikushika kitu. Mwezi wa Desemba 1987 protini hiyo ilipewa jina la distrofini.

Kingamwili hutengenezwaje?

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y. Ncha mbili za juu zina mashimo madogo yanayolingana na sehemu fulani tu ya kitu cha kigeni, kama kitasa kinavyolingana na ufunguo wake. Haishiki protini nzima. Hushika sehemu ndogo yenye asidi amino chache. Jambo hili halina budi kukumbukwa, maana ndilo chanzo cha manufaa yake na pia cha makosa mengi katika kuisoma.

Mnyama anapodungwa protini ya kigeni, seli zake nyingi za damu hutengeneza kingamwili za aina nyingi, kila aina ikishika sehemu yake. Majimaji ya damu yake huwa basi na mchanganyiko, na mnyama huyo akifa, mchanganyiko uleule haupatikani tena. Shida hii iliondolewa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, waliokuwa wakifanya kazi Cambridge, Uingereza. Waliiunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Seli chotara iliyozaliwa ilikuwa na sifa za wazazi wote wawili: ilitengeneza kingamwili ya aina moja tu, na iliendelea kuzaana katika chupa za maabara bila kikomo. Kingamwili za namna hii huitwa kingamwili za ukoo mmoja, kwa sababu zote hutoka katika kizazi cha seli moja. Kwa kazi hiyo wanasayansi hao wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne.

Baada ya distrofini kujulikana, watafiti wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, walitengeneza kingamwili tatu za ukoo mmoja ambazo zimetumika katika hospitali nyingi duniani. Ya kwanza hushika sehemu ya katikati ya kijiti cha distrofini, ya pili hushika ncha ya mwisho, na ya tatu hushika ncha ya mwanzo. Sababu ya kuwa na tatu badala ya moja itaonekana hapa chini.

Njia mbili za kuiona

Njia ya kwanza hutumia hadubini. Kipande kidogo cha msuli, mara nyingi kutoka pajani, hugandishwa upesi kwa baridi kali na kukatwa vipande vyembamba sana, ambavyo unene wake ni kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita. Kingamwili ya distrofini hudondoshwa juu yake, kisha isiyoshika huoshwa. Halafu hutiwa kingamwili ya pili, iliyofungamanishwa na rangi inayong'aa, ambayo kazi yake ni kuishika ile ya kwanza. Wazo la kuifunga rangi ya namna hiyo kwenye kingamwili lilianzishwa na Albert Coons wa Marekani mwaka 1941. Katika msuli wenye afya, kila uzi huonekana umezungukwa na mstari unaong'aa, mfano wa wavu wa dhahabu gizani. Katika msuli wa mgonjwa wa Duchenne hubaki giza.

Njia ya pili hupima ukubwa na kiasi. Msuli husagwa na kuyeyushwa katika maji yenye sabuni kali, ambayo huzikunjua protini zake. Mchanganyiko hutiwa katika jeli na kupitishwa umeme. Protini ndogo hukimbia haraka, kubwa hujikokota nyuma. Baadaye protini hizo huhamishwa kutoka kwenye jeli hadi kwenye karatasi maalumu, karibu kama wino unavyohamia katika karatasi ya kukaushia, mbinu iliyotangazwa na Harry Towbin na wenzake huko Uswisi mwaka 1979. Karatasi hulowekwa katika maziwa yasiyo na mafuta, ili protini za maziwa zizibe nafasi zote tupu na kingamwili isishike ovyo. Ndipo kingamwili ya distrofini hutiwa, na mahali ilipo distrofini hutokea mstari. Mahali mstari ulipo hueleza ukubwa wa protini. Unene wake hueleza kiasi.

Kusoma matokeo

Mwaka 1988 vipimo vya misuli ya wagonjwa wengi vilionyesha tofauti iliyo wazi. Wagonjwa wa Duchenne walikuwa na distrofini chini ya asilimia 3 ya kiasi cha kawaida, au hawakuwa nayo kabisa. Kundi jingine, wenye ugonjwa mwepesi zaidi ulioelezwa na Peter Emil Becker wa Ujerumani mwaka 1955, walikuwa nayo, ila ilikuwa fupi kuliko kawaida au kidogo kwa kiasi. Wagonjwa wa Becker huweza kutembea wakiwa watu wazima, na baadhi yao hata uzeeni.

Swali likazuka: mbona mgonjwa mwingine hupungukiwa na sehemu kubwa ya jeni na kupata ugonjwa mwepesi, na mwingine hupungukiwa na sehemu ndogo na kupata ugonjwa mkali? Jibu limo katika jinsi seli inavyosoma ujumbe. Seli husoma herufi tatu tatu, na kila tatu ni asidi amino moja. Mfano wa Kiswahili waweza kulionyesha jambo hili. Chukua sentensi: ALI ALE UJI ULE. Likiondolewa neno zima la UJI, hubaki ALI ALE ULE. Sentensi imefupika, lakini yasomeka. Ikiondolewa herufi moja tu, yaani L ya kwanza, na msomaji akaendelea kusoma tatu tatu, atapata AIA LEU JIU LE, maneno yasiyo na maana hata moja. Ndivyo ilivyo katika jeni. Pengo linalokwenda sambamba na hesabu ya tatu huzaa distrofini fupi inayofanya kazi kwa kiasi fulani, na huo ni ugonjwa wa Becker. Pengo linaloivuruga hesabu huzuia protini isikamilike, na huo ni wa Duchenne.

Hapo ndipo faida ya kingamwili tatu inapoonekana. Tuseme mgonjwa wa Becker ana distrofini isiyo na kipande cha katikati, na maabara ina kingamwili moja tu, inayoshika kipande hichohicho. Karatasi haitakuwa na mstari, hadubini itaonyesha giza, na mtoto ambaye angeweza kutembea miaka mingi atahesabiwa kuwa mgonjwa wa Duchenne. Protini haikukosekana, kilichokosekana ni mahali pa kuishika. Kwa hiyo ncha zote mbili na sehemu ya katikati hupimwa kila moja.

Makosa ya upande wa pili nayo yapo. Mwaka 1989 iligunduliwa protini inayofanana sana na distrofini, ambayo sasa huitwa utrofini. Jeni yake imo katika kromosomu nyingine, nayo huongezeka katika nyuzi za msuli zinazojifanya upya. Kingamwili isiyochaguliwa vema yaweza kuishika utrofini na kumfanya mpimaji aseme kwamba distrofini ipo. Tena msuli uliohifadhiwa vibaya huharibika utando, na giza lake laweza kudhaniwa kuwa ni la ugonjwa. Kwa ajili hiyo kila kipimo huambatana na vipimo vya ulinganisho: msuli wenye afya unaopimwa siku ileile kwa njia ileile, na kingamwili ya spektrini, protini nyingine ya utando, ili kuthibitisha kwamba utando wenyewe ni mzima.

Fundisho kutoka Afrika ya Kaskazini

Mwaka 1983 Mongi Ben Hamida na wenzake nchini Tunisia walieleza habari za watoto waliokuwa na dalili zilizokaribia kabisa zile za Duchenne, ila miongoni mwao walikuwamo wasichana kwa wavulana. Wengi walitoka katika familia ambamo wazazi ni watu wa ukoo mmoja. Kingamwili za distrofini zilipopatikana na kutumiwa katika misuli ya wagonjwa wa namna hiyo, mistari iling'aa kama kawaida. Distrofini ilikuwapo. Basi huo ulikuwa ugonjwa mwingine.

Mwaka 1992 kingamwili nyingine zilionyesha kwamba katika misuli ya wagonjwa wa Afrika ya Kaskazini inakosekana protini moja ya utando inayoshikamana na distrofini, yenye uzito wa daltoni 50,000. Ilielekea kwamba mkosaji amepatikana. Lakini jeni ya protini hiyo ilipojulikana, ilionekana kuwa imo katika kromosomu ya 17, hali ugonjwa wa familia hizo ulifuata kromosomu ya 13. Mwaka 1995 ukweli ulidhihirika: jeni yenye kasoro ilikuwa ya protini jirani, yenye uzito wa daltoni 35,000. Protini hizi husimama pamoja kama miti ya kichanja iliyofungwa kwa kamba moja. Mmoja ukikosekana, mingine nayo huanguka. Kingamwili ilisema kweli kwamba protini ile haipo. Waliokosea ni waliodhani kwamba kisichoonekana ndicho chenye kasoro.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mama mwenye jeni ya Duchenne huwa na nafasi moja katika mbili ya kumrithisha kila mtoto wa kiume ugonjwa huo, na kila binti ana nafasi kama hiyo ya kuibeba jeni. Katika ugonjwa wa watoto wa Tunisia, jeni hutoka kwa baba na mama pia, na kila mtoto, awe wa kiume au wa kike, ana nafasi moja katika nne ya kuugua. Anayewapa wazazi jina la ugonjwa usio wao huwapa pia hesabu isiyo yao, nao wataitumia wanapoamua kuhusu watoto watakaozaliwa na mabinti watakaoolewa.

Kazi ya kingamwili hivi leo

Siku hizi uchunguzi huanza kwa kusoma jeni katika damu, na mara nyingi hapana haja ya kukata msuli. Kingamwili huitwa pale jeni isipotoa jibu lililo wazi. Lakini zimepata kazi mpya, nayo ni kupima dawa. Mwezi wa Septemba 2016 Marekani iliidhinisha dawa ya eteplirsen, inayoifanya seli iruke eksoni ya 51 ili hesabu ya tatu tatu irudi sawa. Ushahidi uliotumiwa ulikuwa kiasi cha distrofini katika msuli. Baada ya wiki 180 za matibabu, njia ya jeli na karatasi ilionyesha wastani wa chini ya asilimia 1 ya kiasi cha kawaida, hali kuhesabu nyuzi zinazong'aa katika hadubini kulikuwa kumetoa tarakimu kubwa zaidi. Mabishano makali yalitokea baina ya wataalamu kama kiasi hicho chatosha kumsaidia mtoto. Sababu ya tofauti yaeleweka: uzi unaong'aa kidogo na uzi unaong'aa sana huhesabiwa kila mmoja kuwa ni mmoja, lakini protini iliyomo si sawa.

Dawa zinazopunguza uvimbe wa ndani, pamoja na matunzo ya mapafu na moyo, zimerefusha maisha ya wagonjwa wengi hadi kupita miaka 30, ingawa ugonjwa wenyewe haujapata tiba ya kuuondoa. Majaribio ya kuwapa wagonjwa jeni fupi ya distrofini nayo hutegemea kingamwili zinazoshika sehemu zilizobakizwa katika jeni hiyo fupi.

Kwa mwalimu na mwanafunzi, habari za distrofini zafundisha kanuni inayohusu vipimo vyote vya sayansi. Kila chombo hujibu swali moja tu. Kingamwili haisemi kama mtoto ni mgonjwa au mzima, wala haisemi ni jeni gani iliyoharibika. Husema tu kama sehemu fulani ndogo ya protini fulani ipo mahali fulani, na kwa kiasi gani. Mengine yote huongezwa na akili ya mpimaji, kwa kulinganisha, kwa kurudia, na kwa kukumbuka kwamba mwisho wa kazi yake yupo mzazi anayengoja jibu.